Pijo la Rebeccah Halibebi Mzigo

Uongo wenyewe ulikuwa mfupi kuliko salamu. Rebeccah aliusema akiwa ameshika usukani, kioo kimeteremshwa nusu, injini ikinong'ona: "Fundi amesema isibebe mzigo." Alianza kwa Joab, jirani wa boma la chini, aliyetaka kupelekewa majani chai yake kituo cha kuyapimia. Joab aliamini bila kuuliza swali. Kuona hivyo, kesho yake Rebeccah akamwambia Loice maneno yaleyale. Kwa Joab ulikuwa uongo wa kawaida, wa kujiepusha na usumbufu. Kwa Loice ulikuwa kitu kingine, ila hilo Rebeccah alikuja kulijua wakati ambapo kulijua hakukuwa na faida.

Gari lilikuwa Pijo 504, pikapu ya rangi ya maziwa yaliyolala. Ni gari lenye ukoo mkubwa duniani. Kutoka Khartoum mpaka Cotonou utawakuta ndugu zake wakibeba mbuzi, matofali na maharusi, na wenye magari hayo huyaapia kama watu wanavyowaapia mama zao. Kipkemoi, mume wa Rebeccah, alilinunua kwa meneja mmoja wa shamba la chai aliyekuwa akirudi kwao. Akalipandisha mlima wa Kapsoen mchana kweupe, na tangu siku hiyo halikuwa lake peke yake. Mlimani kule, mwenye gari la kwanza katika kokwet, yaani wale majirani wa eneo moja wanaozikana na kuozeshana, ni kama mwenye kisima. Hawezi kukifunika.

Pijo lilishusha majani chai, lilipeleka ndama kwa daktari wa mifugo, lilihamisha mabenchi ya kanisa, lilikimbiza wagonjwa hospitali ya Kapkatet na kurudisha majeneza kutoka mochari. Mara nyingine mambo hayo yote yaliangukia juma moja. Kipkemoi hakuwa na neno "hapana" kinywani. Watu walimpenda kwa hilo, na alipofariki, wasemaji pale kaburini walilisifu gari karibu sawa na marehemu.

Rebeccah alizisikiliza sifa hizo akiwa na kumbukumbu yake mwenyewe. Alikumbuka siku Weldon, mtoto wao wa pekee, alipokuwa akijiunga na kidato cha kwanza. Asubuhi ile Pijo lilikuwa limeondoka kwenda kubeba ng'ombe wa mtu. Mama na mwana walingoja langoni mpaka jua likawa kali, kisha wakajitwika sanduku na godoro wakaenda zao kwa miguu hadi barabara kuu. Walipofika shuleni vitanda vilikuwa vimekwisha, na kijana akalala sakafuni muda mrefu. Kipkemoi aliposimuliwa alicheka tu, akasema, "Lakini ng'ombe alipona."

Husemwa kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kipkemoi hakuwa hivyo. Yeye aliuona mzigo wa kila mtu kuwa mzito. Ni wa mkewe peke yake aliouona kuwa usufi.

Baada ya mazishi, gari lilibaki mikononi mwa Rebeccah pamoja na kisima chake chote cha watu. Yeye alikuwa msimamizi wa jiko katika shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Litein. Kutwa nzima alilisha watu mamia wasiomshukuru, na alfajiri, kabla hajafika kwa hao, aliwakuta wengine wamekaa juu ya magunia langoni pake. "Mama Weldon, tusaidie tu mpaka hapo kituoni." Hapo kituoni kulikuwa na mlima. Pijo liliupanda likiungurumia gia ya kwanza, likinywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani, na bei ya petroli ilikuwa imepanda, ikapumzika kidogo, ikapanda tena.

Katika wote waliolipanda gari hilo, mmoja tu hakuwa usumbufu. Huyo alikuwa Loice Adongo. Baba yake, Mjaluo, alitoka ziwani kuja kufanya kazi kiwanda cha chai, naye akakulia katika nyumba za kampuni, akicheza na watoto wa Kipsigis mpaka lugha yao ikamkaa ulimini kuliko vijana wengi wa siku hizi. Mumewe, Okello, alikuwa fundi wa boila kiwandani. Alipopunguzwa kazi alirudi kwao kulima, na Loice akabaki Kapsoen katika vyumba viwili vya kupanga, akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki wa kukaanga. Asubuhi alikaa mbele na Rebeccah hadi Litein kupokea samaki wake kutoka kwa basi la Kisii, akauza sokoni mchana, na jioni wakapanda pamoja na beseni za samaki wa kuuza Kapsoen.

"Mama Weldon," alikuwa akisema, "hii gari yako imeokoka, lakini harufu imekataa kuokoka."

"Harufu ni yako. Mimi nikiingia jikoni wasichana wananiuliza kama leo ni samaki."

"Waambie ndiyo ni samaki. Halafu uwape maharagwe. Watakula kwa imani."

Rebeccah alicheka katika safari hizo kuliko alivyocheka mahali pengine popote. Baada ya Kipkemoi kwenda, kuna majuma ambayo Loice ndiye mtu pekee aliyemuuliza amelalaje na kungoja jibu.

Weldon, aliyekuwa Nairobi, alimshauri mamaye kwa simu. "Mathe, uza hiyo chuma, ununue Vitz. Itakunywa mafuta ya kijiko."

"Nikiuza watasema nimemuuza baba yako."

"Basi endelea kuwa dereva wa kijiji."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Ndipo akalipeleka Pijo kwa Nyabuto, fundi mwenye gereji Litein nyuma ya stendi, mtu wa Kisii mwenye mikono minene na sauti ya kwaya. Nyabuto alifungua boneti, akatazama, akaifunga polepole.

"Injini hii haijafa, mama. Imezeeka tu kwa kazi za watu."

"Kama mimi. Utafanya nini?"

Alichofanya kilimchukua msimu wote wa mvua. Alipata injini ya lita moja na nusu iliyotoka kwenye gari dogo la mizigo la Kijapani, pamoja na gia zake, safi, ya kudungia mafuta yenyewe bila kabureta. Akaikata propela, mhimili wa kuzungusha magurudumu ya nyuma, na kuiunga upya kwa kipimo. Akachomelea vyuma vipya vya kuishika injini, kwa sababu mpya ilikuwa fupi na iliyumba kama mtoto aliyevaa koti la babaye. Akabadilisha difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ili gari liende kasi bila injini kupiga kelele. Fundi wa bodi akakata kutu yote chini ya milango. Rebeccah alikuwa akipita kila jioni kutazama, na kwa mara ya kwanza maishani alijikuta anapenda kitu kwa sababu ni chake.

Siku moja alikuta keria ya vyuma na turubai lake vimeegemezwa ukutani.

"Hiyo usirudishe," alimwambia Nyabuto. "Nyuma ibaki wazi. Na hizo springi, si zinaweza kupunguzwa? Mgongo wangu umeisha."

"Nikitoa vyuma viwili kila upande, gari itakuwa laini kama kitanda. Lakini itabeba kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Magunia manne ya majani, na nyinyi wawili mbele. Ukizidisha hapo italala chini kama mbwa."

"Toa."

"Lakini mama, huko kwenu mlimani watu wata—"

"Nyabuto, unatengeneza gari ama unatengeneza kokwet?"

Fundi akacheka, akachukua spana.

Jioni aliyolirudisha, Pijo lilipanda Kapsoen kimya hivi kwamba mbwa hawakubweka. Rebeccah aliendesha kwa vidole viwili. Mashamba ya chai yalipita pande zote mbili yakiwa yamechanwa kama nywele za mtoto wa Jumapili, naye akaona kwamba kwa miaka mingi ameipita njia hii bila kuitazama, akisikiliza tu kama magunia yanaanguka. Katika majuma yaliyofuata, mafuta yaliyokuwa yakiisha Jumatano yalifika Jumapili na kubaki. Alianza kufika nyumbani akiwa na nguvu ya kupika chakula anachokipenda.

Asubuhi ya kwanza Joab alikuwa langoni na magunia yake. Alikuwa nayo mawili tu. Yangeingia na nafasi ikabaki. Rebeccah aliona magunia hayo mawili, na nyuma yake akaona yote yatakayoyafuata, na ndama, na mabenchi, na majeneza. Akasema aliyosema.

"Fundi amesema?" Joab alilitazama gari kwa huruma. "Basi wamekuharibia, mama. Pole."

Kesho yake, kwenye njia panda, Loice alisimama na beseni zake tupu zimepangwa moja ndani ya nyingine, mkono tayari kushika mlango.

"Yawa! Mama Weldon, hii ni gari ama ni bibi harusi? Fungua nikae kabla sijaolewa nayo."

Joab alikuwa ng'ambo ya barabara, akipakia magunia yaleyale juu ya pikipiki ya boda. Rebeccah alimwona, na moyoni akayasikia yatakayosemwa kituoni kabla ya saa nne: amemkataa mtu wa kokwet, amembeba mtu wa ziwa. Mlimani kule maneno kama hayo hayafi haraka. Yangemrudia yeye, na yangemrudia Loice pia vibaya zaidi, katika miaka ambayo watu wanaanza kuulizana nani alitoka wapi. Hivyo alijiambia kwamba anamlinda. Labda ilikuwa kweli kwa nusu. Angeweza kumwambia Loice jambo lenyewe kwa sauti ya chini: sikiliza, nimemdanganya Joab, ngoja mpaka wazoee, ukae mbele kama kawaida. Loice angecheka mpaka beseni zikaanguka. Lakini Joab alikuwa anatazama, na uongo wa jana ulikuwa bado uko mdomoni, tayari.

"Fundi amesema isibebe mzigo."

Loice alizitazama beseni tupu. "Hata hizi?"

"Jioni zitakuwa zimejaa. Itakuwa shida."

Loice aliuondoa mkono mlangoni. "Sawa. Gari mpya ni kama mtoto mchanga. Acha ipate nguvu kwanza." Kisha akalipigapiga paa kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni, na Rebeccah akaenda zake.

Kilichomuumiza Rebeccah baadaye, alipoyapanga mambo haya, ni kwamba Loice aliamini kabisa. Aliamini na akamtetea. Pale sokoni Kapsoen, wanawake waliponung'unika kwamba mjane wa Kipkemoi amekuwa mchoyo, Loice ndiye aliyewanyamazisha. "Mwacheni. Injini ni ndogo, fundi amekataza. Mnataka alale njiani?" Eddah, mke wa Joab, alikuwepo na ndiye aliyemsimulia Rebeccah.

Mvua ndefu zilifika. Loice alianza kupanda boda, beseni moja mapajani na nyingine imefungwa nyuma kwa mpira. Rebeccah alimpita mara kwa mara, au akapitwa naye, na kila mara Loice alipunga mkono na kupaza sauti, "Imepata nguvu?"

"Bado!" Rebeccah alijibu, na wote wawili wakacheka, mmoja kwa kuwa alifurahi na mwingine kwa kuwa alilazimika.

Omena akinyeshewa hauziki. Anavimba, ananuka, anarudishwa. Jioni moja Rebeccah alimkuta Loice kando ya barabara chini ya karatasi la plastiki, boda ameteleza kwenye tope, hakuna aliyeumia, lakini omena wote wamemwagika mferejini na maji yanawapeleka. Akapunguza mwendo. Kulikuwa na nafasi nyuma ya kubeba omena wa soko zima. Lakini kusimama kungekuwa kuungama, na tayari ilikuwa imepita miezi. Akateremsha kioo, akasema pole, Loice akasema asante, na Pijo likaendelea na safari yake laini.

Muda fulani baada ya hapo, Loice aliacha kuuliza kama gari limepata nguvu. Alipunga mkono tu. Kisha hata mkono ukawa mfupi, kama wa mtu anayefukuza nzi. Rebeccah aliona na akashukuru. Alidhani swali limechoka lenyewe.

Jumapili moja, nje ya kanisa, Eddah alimkaribia. "Rafiki yako amehama, na hukuja kumsaidia kupakia?"

"Nani amehama?"

"Loice. Ijumaa. Ameita lori ya kanta kutoka Mulot, ya watu wa ng'ombe. Vitu vyake vimepanda na kinyesi ndani." Eddah alimtazama usoni. "Kumbe hakukuambia."

Rebeccah alikwenda moja kwa moja na viatu vya kanisa. Vyumba viwili vilikuwa vimefunguliwa na kijana mgeni alikuwa anapaka chokaa kuta ili kufuta harufu ya samaki. Hakujua chochote. Kwenye kizingiti kulikuwa na magamba machache yaliyokaukia, yaking'aa.

Alichukua siku kadhaa kujiambia kwamba biashara ndiyo iliyomhamisha Loice. Mulot ni barabara ya Narok. Malori ya ngano na mifugo yanapita, madereva wanakula. Ilikuwa sababu nzuri na ya kutosha. Kisha akampelekea Nyabuto gari kubadilisha oili, na fundi, akiwa amelala chini yake, miguu tu ikionekana, akasema, "Mama, wewe uliniharibia jina."

"Jina gani?"

"Yule mama wa samaki, Loice. Mimi ni mteja wake. Kitambo hivi alikuja hapa na hasira, akaniambia, 'Nyabuto, wewe ni fundi gani? Umeharibu gari ya rafiki yangu, haiwezi kubeba hata beseni.' Alitaka nikurekebishie. Akasema atanilipa kwa samaki kidogo kidogo, wewe usijue." Spana iligonga chuma. "Nikamwambia, nani amesema? Hii gari inabeba magunia manne bila kulia."

Rebeccah alishika ukingo wa dirisha. "Akasema nini?"

"Alikaa kwenye hiyo tairi, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia mimi ndiye nilipunguza springi, nitakosaje uhakika? Akanipa samaki yangu, akaenda." Nyabuto alijiburuta kutoka chini, akamtazama mara moja, kisha akageukia kitambaa cha kufutia mikono. "Sikujua ni mambo yenu. Ningenyamaza."

Jumamosi iliyofuata Rebeccah aliendesha hadi Mulot. Si karibu. Chai ilikwisha, mahindi yakaanza, nchi ikafunguka na kukauka, na kila kilomita Pijo lilikwenda kama maji, likitumia karibu si kitu. Njiani alipanga maneno. Alipoona bango la soko la mifugo, yote yalikuwa yamemtoroka.

Loice alikuwa chini ya mabati mapya, mbele ya karai kubwa la mafuta yanayochemka, akigeuza samaki kwa mwiko mrefu. Madereva watatu walikaa kwenye benchi. Aliinua macho.

"Karibu, madam. Wa mkia ama wa kichwa?"

Katika miaka yote hakuwahi kumwita madam.

"Loice, ni mimi."

"Nakuona. Macho yangu hayajaharibika. Ni samaki nauliza."

"Nimeongea na Nyabuto."

"Hajambo? Alikuwa na kikohozi." Loice aligeuza samaki mmoja, akamtazama kama ameiva, akamrudisha. Mmoja wa madereva alinyamaza kusikiliza, Loice akamwambia kwa Kipsigis safi kwamba akitaka habari anunue redio. Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akasogea mpaka mwisho wa meza, mbali nao kidogo, na kusema kwa sauti ya kawaida:

"Ungeniambia umechoka na sisi. Kuchoka si kosa, Mama Weldon. Hata mimi ningechoka, tena mapema kuliko wewe. Ningetafuta boda yangu, jioni nije kwako tunywe chai tuwaseme wote."

"Joab alikuwa anatazama. Niliogopa watasema nimemkataa yeye nikakubeba wewe."

"Na nani alikuwa amekuambia mimi nataka kubebwa mbele ya Joab? Ungenipa jicho tu. Mimi jicho lako nalijua." Alifuta jasho kwa kiwiko. "Miaka hiyo yote nilidhani mimi ni mtu wa kukaa mbele. Kumbe nilikuwa pamoja na magunia."

"Nilikosa."

"Ndiyo."

"Unaweza kurudi. Nitakutafutia nyumba. Nitakuchukua kila siku, hata wakisema."

Loice alifikiria, au alionyesha heshima ya kufikiria. "Nirudi kufanya nini? Hapa samaki wanaisha kabla ya jua. Watu wamenizoea. Na mimi nimezoea kuamka bila kumngoja mtu njia panda." Mafuta yalirukaruka karaini, akarudi haraka kugeuza samaki. "Keti, basi. Umetoka mbali."

Rebeccah aliketi kwenye benchi, mwisho kabisa. Loice alimwekea samaki wa mkia, ugali, sukuma na chumvi pembeni, sawasawa na alivyowawekea madereva, akammiminia maji ya kunawa bila kumwagia nguo. Kisha akarudi kwenye utani wake na wale wanaume. Dereva mmoja alidai samaki wake amepungukiwa jicho; Loice akamjibu kwamba jicho hilo limebaki ziwani kumwangalia mkewe. Wakacheka, Loice naye akacheka, kifua kizima. Rebeccah aliinamia sahani yake kama msafiri yeyote anayepita kwenda Narok.

Hakuwa na njaa. Alikula taratibu, akachambua miiba yote, akala ngozi, akala hata kile kidogo kilichoshikana na mfupa, kwa kuwa kuacha chakula cha Loice kungekuwa kosa jingine.

Loice alikuja kuchukua sahani. Akautazama ule mfupa mweupe.

"Ulikuwa na njaa," alisema, akaenda kuwahudumia wengine.